Chumo la Jasho na Akiba ya Mstaafu: Sharti la Kazi katika Sheria ya Marekani

Katika sheria za kodi za Marekani mna sharti moja ambalo mstaafu huligundua kwa mshangao, na aghalabu baada ya kuwa amekwisha kulikiuka: kwamba ile akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni iitwayo IRA, ambayo kwa miaka mingi aliitilia fedha bila ya kuulizwa neno, haipokei hata dola moja ya mchango wake kwa mwaka ambao hakuwa na ujira, ijapokuwa pensheni yake ni nono, nyumba zake za kupangisha hazikai tupu, na gawio la hisa zake humfikia kila robo ya mwaka. Jirani yake, mwalimu mstaafu asiye na nyumba ya kupangisha wala hisa, akienda kuuza vitabu dukani katika miezi ya sikukuu akapata dola 4,000, huyo anayo ruhusa ya kutia dola 4,000 zote. Sheria haikuwauliza wawili hawa wana fedha kiasi gani. Iliwauliza fedha ya mwaka ule waliipata kwa njia gani, na yule aliyejibu kwamba ameipata kwa kazi ndiye aliyefunguliwa mlango.

Rai yangu ni kwamba sharti hili lilikuwa na mantiki kamili lilipozaliwa, lakini tangu hapo halikufutwa wala halikutetewa, bali limekuwa likitolewa udhuru mmoja baada ya mwingine, kwa kundi hili mwaka huu na kwa kundi lile miaka kadhaa baadaye, hata leo mpaka baina ya chumo la jasho na pato la milki umepinda mahali pengi, na mstaafu ndiye anayejikwaa zaidi katika mapindo yake.

Ili kufahamu kwa nini wabunge waliiweka kazi kuwa mlango wa akiba, yatupasa kurejea mwezi wa Desemba 1963, wakati kampuni ya magari ya Studebaker ilipokifunga kiwanda chake cha South Bend, katika jimbo la Indiana, na maelfu ya wafanyakazi wake wakatambua kwamba pensheni waliyoahidiwa ilikuwa ahadi isiyo na fedha za kutosha nyuma yake. Wazee waliokwisha kustaafu walilipwa haki yao, watu wa makamo wakapata sehemu ndogo tu, na vijana hawakupata kitu. Kadhia ile ilikumbukwa katika mijadala ya zaidi ya miaka kumi, na matunda ya mijadala hiyo ni sheria ya pensheni iitwayo ERISA, aliyoitia sahihi Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974. Sehemu kubwa ya sheria hiyo yahusu pensheni zitolewazo na waajiri, lakini pembeni mwake pakawekwa kifungu kwa ajili ya mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakumwekea pensheni yoyote: huyo aliruhusiwa kujifungulia akaunti yake mwenyewe na kuitilia asilimia 15 ya ujira wake, mradi isizidi dola 1,500 kwa mwaka. Akaunti hii, basi, ilikusudiwa kuwa badala ya pensheni ya kazini, na kwa kuwa pensheni ya kazini hupimwa kwa mshahara, badala yake nayo ikapimwa kwa mshahara, na mstaafu akahesabiwa kuwa mlaji wa akiba ile, si mwekaji.

Yaliyofuata yatosha kuyataja kwa ufupi. Mwaka 1981 akaunti hizi zilifunguliwa kwa wafanyakazi wote, hata wenye pensheni kazini, na kima kikawa dola 2,000. Mwaka 1986 wenye pensheni na kipato kikubwa wakanyang'anywa nafuu ya kodi. Mwaka 1997 ikatungwa akaunti ya namna ya pili, iliyopewa jina la Seneta William Roth wa Delaware, ambayo mchango wake haupunguzi kodi ya leo lakini fedha zake, masharti yakitimia, hutolewa bila ya kodi. Kima cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000, pamoja na nyongeza ya dola 1,000 kwa aliyefikia umri wa miaka 50, na kwa mwaka 2026 vimepanda kuwa 7,500 na 1,100. Pamoja na mageuzi yote hayo, kanuni ya msingi haikuguswa: mchango wa mwaka hauwezi kuzidi kima kilichowekwa, wala hauwezi kuzidi chumo la kazi la mwaka uo huo, na kati ya viwili hivyo kilicho kidogo ndicho kinachotawala.

Sasa chumo la kazi ni lipi? Sheria yataja mishahara, ujira, bonasi, kamisheni, bakshishi, ada za wataalamu, na faida halisi ya mtu aliyejiajiri. Kwa upande wa pili yaondoa pensheni, malipo ya Hifadhi ya Jamii, riba, gawio, faida ya kuuza mali, na kodi za nyumba. Malipo ya kukosa kazi nayo hayamo. Matunzo anayolipwa mtalaka yamo ikiwa hati ya talaka iliandikwa kabla ya mwaka 2019 kuanza, na kama iliandikwa baadaye hayamo. Wanawake wawili, basi, waliotalikiwa kwa kupishana miezi michache na wanaopokea kiasi kilekile kila mwezi, mmoja anaweza kujiwekea akiba na mwingine hawezi.

Pindo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye nyumba za kupangisha. Mstaafu aliyenunua nyumba mbili ujanani, akawa ndiye fundi wake, mpaka rangi wake na mlinzi wake, anayeamka saa nane za usiku kwenda kuziba bomba la mpangaji, mbele ya kanuni hii hakufanya kazi yoyote, kwani fedha anayopokea ni pato la milki. Lakini akiigeuza nyumba ileile kuwa mahali pa wageni wa siku mbili tatu, akawatandikia vitanda na kuwafanyia usafi kila siku kama ifanywavyo hotelini, pato lake laweza kuhesabiwa kuwa la biashara, na hapo huwa chumo. Yawezekana kwamba jasho lilikuwa jingi zaidi katika nyumba ya mpangaji wa kudumu, lakini sheria haipimi jasho lenyewe. Hutazama daftari ambamo jasho hilo limeandikwa.

Hayo yaonekana kwa uwazi zaidi katika karatasi moja ndogo, fomu ya W-2, ambayo kila mwajiri humpa mfanyakazi mwezi wa Januari ili aitumie katika hesabu ya kodi ya mwaka uliopita. Kisanduku namba 1 cha fomu hiyo huonyesha ujira wote unaotozwa kodi, na kisanduku namba 11 huonyesha malipo yaliyotoka katika mipango maalumu ya mishahara iliyoahirishwa, ambayo wakubwa wa makampuni hupenda kujiwekea. Idara ya Mapato ya Marekani husema: chukua kisanduku cha 1, toa kisanduku cha 11, na kinachobaki ndicho chumo lako. Tuchukue mfano wa muuguzi aliyeacha kazi tarehe 31 Desemba 2024, hospitali yake ikamlipa katika wiki ya pili ya Januari dola 6,000 za likizo ambayo hakuitumia. Katika mwaka wote wa 2025 hakugusa kazi, hata hivyo fomu yake ya mwaka huo yaonyesha dola 6,000 katika kisanduku cha 1 na sifuri katika kisanduku cha 11. Basi aweza kuzitia zote katika akaunti yake. Mkurugenzi aliyestaafu siku ileile, akawa analipwa dola 40,000 kwa mwaka kutoka mshahara alioahirisha, fomu yake yaonyesha 40,000 hapa na 40,000 pale, na jawabu la kutoa ni sifuri. Wote wawili walikaa nyumbani, na wote wawili walilipwa kwa kazi ya zamani. Hapa nakiri kwamba kanuni imepinda upande wa mnyonge, jambo lisilo la kawaida katika sheria za kodi.

Aliyejiajiri ana hesabu yake mbali. Hasara ya biashara yake, akiwa pia na mshahara mahali pengine, haipunguzi chumo la mshahara, na hiyo ni nafuu. Lakini faida yake nayo haihesabiwi yote. Seremala mstaafu aliyetengeneza makabati ya majirani akabakiwa na faida ya dola 5,000 hutozwa ile kodi ya waliojiajiri, ambayo ni asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya faida hiyo, yaani kama dola 706. Nusu ya kodi hiyo hutolewa kwenye faida, na chumo lake hubaki dola 4,646 na senti kadhaa. Akitia 5,000 kamili, amezidisha dola 353 na senti kadhaa, na juu ya ziada hiyo hutozwa asilimia 6, si mara moja, bali kila mwaka ambao ziada itaendelea kukaa humo. Dola 21 kwa mwaka si msiba, lakini wengi hawaijui, na ile miaka inayopita kabla ya mtu kuonyeshwa kosa lake ndiyo inayoifanya kuwa dhiki. Dawa yake ni nyepesi ikitumiwa mapema: ziada hutolewa, pamoja na faida iliyozaa, kabla ya muda wa kupeleka hesabu za kodi kwisha, ukijumlisha na nyongeza ya muda ambayo hufika mpaka tarehe 15 Oktoba, na adhabu huondoka.

Watu wengi huchanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Sheria yadai kwamba mtu awe na chumo la kazi linalolingana na mchango wake. Haidai kwamba fedha zenyewe anazotia ziwe ndizo alizolipwa kazini. Mstaafu aliyepata ujira wa dola 3,000 kwa kusimamia bustani ya watu, akazitumia zote kwa chakula na dawa, anaweza kuchukua dola 3,000 kutoka pensheni yake, au kutoka benki, au hata alizopewa zawadi na mwanawe, akazitia katika akaunti kwa jina la chumo lile. Kazi hapa ni kipimo tu, nayo hupima kiasi, haipimi chanzo cha noti. Ndiyo maana muda wa kutia mchango huendelea hadi tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata, wakati ambao ujira wenyewe huenda umekwisha kuliwa zamani.

Kwa muda wa miaka 45 palikuwa na kizuizi cha pili, ambacho kilikuwa kikali kuliko hicho: katika akaunti ya kawaida, mtu akifikia umri wa miaka sabini na nusu hakuruhusiwa tena kutia kitu, hata kama alikuwa bado akiamka alfajiri kwenda kazini, ijapokuwa akaunti ya Roth haikuwa na mpaka huo. Sheria iitwayo SECURE, iliyotiwa sahihi tarehe 20 Desemba 2019, iliuondoa mpaka wa umri kuanzia mwaka 2020. Tangu hapo kazi peke yake ndiyo inayoshika mlango, na mzee wa miaka 80 mwenye ujira huingia sawa na kijana wa miaka 20. Hata hivyo sheria haikuondoa wajibu wa kutoa fedha uzeeni, bali iliusogeza mbele tu, nao sasa huanza katika umri wa miaka 73. Hivyo likatokea jambo la ajabu kidogo: mtu wa miaka 73 ambaye akaunti yake ilimaliza mwaka uliopita ikiwa na dola 265,000 hulazimika kutoa dola 10,000, kwa kuwa jedwali la serikali humtaka agawanye salio lake kwa 26.5, na katika mwaka huohuo, akiwa amepata ujira wa dola 6,000, huruhusiwa kuingiza dola 6,000. Mkono mmoja watoa kwa amri na wa pili watia kwa hiari.

Udhuru wa zamani zaidi katika sharti la kazi ni ule wa mume na mke, nao ndio unaowafaa wastaafu wengi kuliko mwingine wowote. Kabla ya mageuzi ya mwaka 1996, nyumba yenye mfanyakazi mmoja iliweza kutia dola 2,250 tu kwa wote wawili, kwa maana kwamba mke aliyelea watoto alithaminiwa dola 250. Seneta Kay Bailey Hutchison wa Texas alikuwa miongoni mwa waliolipinga jambo hilo, na kifungu cha leo kina jina lake. Tangu wakati huo, wawili wakipeleka hesabu yao ya kodi kwa pamoja, chumo la mmoja huwatosha wote. Mume wa miaka 68 aliyestaafu na asiye na ujira, ikiwa mkewe wa miaka 61 bado anafanya kazi akapata dola 30,000, kwa mwaka 2025 kila mmoja wao aliweza kutia dola 8,000 katika akaunti yake mwenyewe. Na lau mke angepata dola 10,000 tu, michango yao wawili isingeruhusiwa kuzidi 10,000. Mjane, kwa bahati mbaya, hubaki bila ya kivuli hiki baada ya mwaka wa msiba kupita.

Baada ya udhuru huo wa ndoa zikafuata nyingine. Mwaka 2006 malipo ya askari walioko vitani, ambayo hayatozwi kodi, yaliruhusiwa kuhesabiwa kuwa chumo. Mwaka 2019 ikaja zamu ya wanafunzi wa shahada za juu, ambao posho zao za masomo, zikitozwa kodi, zilihesabiwa vilevile. Na sheria hiyohiyo ya SECURE ikawakumbuka wanaolipwa na serikali kwa kumtunza nyumbani mgonjwa au mlemavu wanayeishi naye, malipo ambayo mara nyingi hayatozwi kodi, wakaruhusiwa kuyatumia kuwa msingi wa mchango usiopunguza kodi. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa kwa Waswahili wa Marekani kuliko wanavyojua wengi wao, kwa sababu katika ile kazi yetu mashuhuri ya kubeba boksi, yaani vibarua vya ughaibuni, utunzaji wa wazee na wagonjwa una nafasi kubwa, na wapo wanaomtunza mzazi wao wenyewe chini ya mipango kama hiyo huku wakidhani kwamba fedha isiyotozwa kodi haihesabiwi popote.

Kuruhusiwa kutia si hoja ya kutosha ya kutia. Mstaafu anayefanya kazi kidogo huwa ametoka katika pensheni ya mwajiri wake wa zamani, na kupokea pensheni hiyo hakumfanyi ahesabiwe kuwa bado yumo ndani ya mpango. Hivyo, ikiwa kazi yake mpya haina mpango wa pensheni na ikiwa mwenzi wake naye hayumo katika mpango wowote, mchango wake wote katika akaunti ya kawaida humpunguzia kodi, hata kipato chake kiwe kikubwa. Fauka ya hayo, mchango huo hushusha ile hesabu inayotumika kuamua ni kiasi gani cha malipo ya Hifadhi ya Jamii kitatozwa kodi, hesabu ambayo vizingiti vyake vya kwanza, dola 25,000 kwa aliye peke yake na 32,000 kwa wanandoa, viliwekwa mwaka 1983 na havijapandishwa hata mara moja, ijapokuwa bei ya kila kitu imepanda mara nyingi. Kwa mstaafu wa kipato cha wastani, basi, dola moja iliyowekwa yaweza kuokoa kodi mahali pawili kwa pamoja.

Lakini anayetoa sadaka na ajihadhari. Sheria humruhusu aliyepita umri wa miaka sabini na nusu kupeleka fedha moja kwa moja kutoka akaunti yake hadi msikitini, kanisani au kwa shirika la hisani bila ya fedha hizo kuhesabiwa katika kipato chake. Ili mtu asipate nafuu mara mbili, wabunge waliweka kwamba michango yote iliyompunguzia kodi baada ya umri huo itakatwa katika msamaha wa sadaka: aliyetia 8,000 akiwa na miaka 72, kisha akatoa sadaka ya 10,000 akiwa na miaka 75, atasamehewa 2,000 tu. Anayependa kutoa kwa njia hiyo ni afadhali autie mchango wake katika akaunti ya Roth, kama kipato chake chamruhusu.

Na hapo penye kipato ndipo penye kejeli iliyo kali kuliko zote. Akaunti ya Roth hufungwa kwa wenye kipato kikubwa: kwa mwaka 2025 ruhusa ilianza kupungua katika dola 150,000 kwa aliye peke yake na 236,000 kwa wanandoa, ikakatika kabisa katika 165,000 na 246,000. Katika kupima ukubwa huo, pensheni huhesabiwa, gawio huhesabiwa, kodi za nyumba huhesabiwa, na fedha zile za lazima zinazotolewa kuanzia umri wa miaka 73 nazo huhesabiwa. Pato lilelile lililokataliwa kuwa ufunguo wa kuingilia lakubaliwa kuwa kufuli ya kufungia. Ilhali mwenye fedha katika akaunti ya kawaida, akitaka kuzihamishia katika Roth kwa kulipa kodi yake sasa, haulizwi juu ya kazi wala juu ya kipato, na aweza kuhamisha hata nusu milioni kwa siku moja. Ikiwa muradi wa sharti la kazi ni kuwazuia matajiri wasihifadhi mali zao mahali pasipotozwa kodi, sijui ni tajiri gani atakayezuiwa na dola 8,000 wakati mlango wa pili hauna bawabu.

Mtu wetu aliyepata uraia wa Marekani kisha akarejea nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam, akiwa bado anafanya kazi ya ushauri, hukutana na tatizo jingine. Marekani humtaka raia wake atangaze kipato chake popote alipo duniani, na kwa huruma humruhusu kuondoa katika kodi ya mapato chumo lililopatikana ng'ambo, ambalo kwa mwaka 2025 lilifika mpaka dola 130,000. Karibu kila mtu huipokea huruma hiyo kwa mikono miwili. Lakini chumo lililoondolewa katika kodi huondolewa pia katika kipimo cha akiba. Mshauri aliyepata dola 30,000 na kuziondoa zote, kwa kanuni ya IRA, hakuchuma kitu, ingawa ileile kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3, haikuondolewa naye huilipa kana kwamba amechuma. Anaweza kuiacha huruma ile na badala yake kupunguziwa kodi ya Marekani kwa kadiri ya kodi aliyolipa Kenya au Tanzania, njia ambayo huliacha chumo lake lionekane. Illa akikwisha kuiacha, hairejei katika miaka mitano inayofuata bila ya idhini. Uamuzi wa namna hii haufai kufanywa kwa kumsikiliza rafiki barazani.

Mtu aweza kuuliza kama mataifa mengine yamefanya insafu zaidi. Kanada nayo hufunga mchango wa akiba ya uzeeni kwa chumo, asilimia 18 yake, na pensheni huikataa vilevile. Lakini katika kulifasili chumo imekubali kodi ya nyumba baada ya kutoa gharama, na hivyo yule mstaafu wa kuziba bomba saa nane za usiku angepokewa huko, ijapokuwa mlango hufungwa mwishoni mwa mwaka anaotimiza miaka 71. Uingereza imechukua njia ya tatu: asiye na chumo lolote, akiwa hajafika miaka 75, aweza kutia mpaka pauni 3,600 kwa mwaka pamoja na nyongeza ya serikali, na anayetaka zaidi ndiye anayedaiwa chumo. Napendelea njia hiyo ya Uingereza, kwa sababu yakiri kwamba kupima mtu kwa mshahara ni jambo la haki katika michango mikubwa, na kwamba katika michango midogo gharama ya kumpeleleza mzee kama amefanya kazi au hakufanya yazidi faida yake.

Kwa hali ilivyo Marekani, anayebaki nje kabisa ya nyudhuru hizi zote ni yule bibi aliyemo katika nyumba nyingi za watu wetu huko: amestaafu, mumewe amestaafu au amefariki, naye amechukuliwa na mwanawe ili alee wajukuu, akashika malezi hayo kuanzia asubuhi hadi magharibi kwa miaka. Fedha anayopewa mwishoni mwa mwezi, ikiwa ni mkono wa shukrani, ni zawadi, na zawadi si chumo. Lakini ikiwa anayo ruhusa ya kufanya kazi nchini, na mwanawe akakubaliana naye ujira unaolingana na kazi, akamlipa kweli, akauandika na kuutangaza katika fomu za kodi kama amtangazavyo mtumishi mwingine yeyote wa nyumbani, basi ujira ule ni chumo kamili, na bibi aweza kuuwekea akiba kwa jina lake mwenyewe. Wapo watoto watakaoona haya kumlipa mama mshahara, na wapo akina mama watakaoona ni matusi. Hilo ni la kuzungumzwa ndani ya nyumba, kabla ya tarehe 31 Desemba, kwa kuwa ijapokuwa mchango waweza kungoja mpaka Aprili, ujira haungoji.